Vipande Viwili vya Muuru

Kinoru, Meru
14 Julai 2024

Mpendwa Baba Mdogo Mutugi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama Mdogo Kagure, bado anagombana na kuku wa jirani? Sisi tu wazima. Mama anapalilia viazi huku akinung'unika, kwa hiyo ujue hana ugonjwa.

Baada ya kumzika Baba, ulisema kwa simu kwamba vifaa vyake vya kuchonga vitako vya bunduki apewe kaka yangu Stephen, kwa kuwa ndiye mwanamume. Nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Stephen ni fundi wa makochi. Miaka miwili Baba alipokuwa akitufunza kukata ile mistari ya kukatana pale mkono unaposhika, yeye alisema vumbi linamkwaruza koo, akaenda zake. Mimi nilibaki. Unakata mistari yote upande mmoja, kidogo kidogo, ndipo unaikatiza, mpaka viinuke vijincha vya kung'ang'ania kiganja. Baba hakuwa akiikagua kazi kwa macho. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba, akasema, "Rudia." Siku aliyokosa kusema hivyo, nililia.

Mwezi jana Mzee Njura wa Kiambere alileta kitako cha bunduki yake kikatwe mistari upya, na kwa kuwa vifaa viko kwa Stephen, kazi akaichukua yeye. Chuma hubaki kwake chini ya kufuli, ndivyo leseni inavyotaka. Stephen akaparura mistari kama kuku anayetafuta mchwa. Akaona inachoma vidole, basi akaipiga msasa! Kisha vanishi mara tatu, kama mkono wa kochi. Akajipiga na picha. Mjinga yule hakujua kwamba kuchoma ndiyo kazi yenyewe.

Fisi alipoingia zizini, bunduki ilimteleza mzee, risasi ikatoboa tangi la maji. Mbuzi wawili wakaenda. Akanipigia mimi: "Igoki, huyu brother yako alipaka bunduki yangu mafuta ya chapati?" Stephen anasema eti ni jasho la mzee.

Kitako cha mzee nilikikata upya kwa kipande cha msumeno nilichonoa mwenyewe. Vifaa vya Baba, Stephen anavitumia kung'olea pini za makochi.

Katika kifurushi hiki mna vipande viwili vya mbao ya muuru vilivyokatwa mistari, kimoja changu, kimoja chake. Sikuandika majina. Fumba macho, upitishe kidole gumba. Usipoona tofauti, vifaa vikae kwake, nami sitalitaja tena jambo hili.

Nisalimie Mama Mdogo na mwanao Kaari. Mungu aulainishe mguu wako, mbao aziache zilivyo.

Binti yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Igoki