Dakika Mbili za Kukaa

Mama,

Shikamoo, hata kama hakuna wa kuiitikia. Bwana Dakika Mbili amevunjika paja.

Najua ungesema, "Wee, usicheke msiba wa mtu." Nimecheka, mama. Niliingia stoo ya dawa nikacheka mpaka nikashika ukuta. Pikipiki imemwangusha kule Olasiti, na zamu ilikuwa yangu.

Hukuwahi kujua kwamba nilikwenda kusomea utaalamu wa usingizi, wa kuwatia ganzi wagonjwa wa upasuaji. Uliniacha nesi wa kawaida wa thieta, yule aliyekushika mabega ulipoletwa na nyonga iliyovunjika, baada ya kuteleza ukikatia ng'ombe majani kule Poli. Mtaalamu wa usingizi siku ile alikuwa huyu huyu Bwana Dakika Mbili. Alitaka ukae wima akuchome ganzi ya mgongo. Ukae, juu ya mfupa uliovunjika! Hakukupa hata kidonge. "Ni dakika mbili tu, bibi, vumilia." Kwa saa ya ukutani zilikuwa dakika kumi na moja. Ulilia kwa Kimeru, maneno ambayo sijawahi kukusikia ukiyatamka, na mimi, mimi mwanao, nikakunong'oneza: "Mama, usiniaibishe, hawa nafanya nao kazi."

Ukanyamaza. Ukang'ata mkono wako mpaka akamaliza.

Siku ya nne damu iliganda, ukaondoka. Sisemi alikuua. Ila alikutesa bure. Ganzi ya kuchoma kwenye kinena, kabla ya kukalishwa, ilikuwepo kabatini. Ungesubiri nusu saa tu, kisha ungekaa ukipiga stori. Nilikuja kuyajua hayo darasani.

Basi juzi akaletwa kwangu. Nilikuwa na barakoa, hakunitambua. Nikamwambia, "Tunakukalisha, mzee. Ni dakika mbili tu." Akanishika mkono. "Sista, nakuomba, nichome kwanza ya kinena." Kumbe alikuwa anaijua, mama! Miaka yote hiyo! Nikamwacha aombe tena. Na tena. Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Kisha nikamchoma hiyo ya kinena, maana sikutaka kufanana naye. Lakini ile nusu saa ya kusubiri ganzi ishike, nilivuta kiti, nikavua barakoa, nikamsimulia habari zako. Zote, hata nilivyokunyamazisha. Angekimbilia wapi na lile paja?

Tulipomkalisha, alikaa vizuri kabisa. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapaumi." Nikamjibu, "Ndiyo. Hata mama yangu angekaa hivi." Akalia. Nikamwambia asitikisike.

Simsamehi, mama. Na mimi mwenyewe bado sijajisamehe. Ila nakuahidi: mgonjwa wa mfupa uliovunjika hatakalishwa mbele yangu kabla ya sindano ile, awe ndugu, awe adui. Na atakayemwambia mgonjwa anyamaze, nitamtoa nje kwa mkono wangu.

Pumzika sasa. Na kama huko bado kunauma, piga kelele, mama yangu. Piga wasikie wote.

Mwanao,
Elineema