Sababu ya Kuacha Bekari

Toledo, Ohio, 9 Machi

Dada Darlene,

Hujambo? Miguu inakubebaje siku hizi? Huku tu wazima; wifi yako Marcy anakohoa, ila umbea hajaacha. Ananiambia umetoka bekari kwa Opal baada ya miezi miwili tu, eti mmetukanana. Wewe na Opal, mliocheza pamoja tangu utotoni? Na yale mafao ya ulemavu uliyoomba yamefikia wapi?

Mdogo wako,
Wendell

Hazard, Kentucky, 17 Machi

Mdogo wangu Wendell,

Mimi sijambo, miguu ni ileile. Wifi anywe asali. Ndiyo, tuligombana. Opal anajifanya malkia wa unga, nikamwambia chukua aproni yako. Yameisha.

Ofisi ya mafao imenikatalia. Wanasema kama niliweza kufanya kazi kutwa nzima bekari, basi ugonjwa huu wa neva haunizuii kitu. Walimpigia Opal kuuliza kwa nini niliondoka, akawaambia ni ugomvi. Nimekata rufaa. Wakili wangu ni mama mmoja, Bi. Pruitt.

Dada yako,
Darlene

Toledo, 28 Machi

Dada,

Salamu nyingi. Nimempigia Opal, nia yangu nimtukane kidogo kwa niaba yako. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wendell, mimi nimesema nilichoombwa kusema. Muulize dada yako." Akakata simu. Nadhani alikuwa analia. Ulimwomba nini?

Mdogo wako,
Wendell

Hazard, 2 Mei

Wendell,

Natumaini mko salama. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kujibu.

Hakukuwa na ugomvi. Mwanzoni niliiweza kazi, nikajiona nimepona. Halafu vidole vikaanza kufa ganzi. Opal akaniwekea kiti, akawa ananibebea trei mwenyewe. Siku ya mwisho nilishika trei iliyotoka motoni kwa mkono mtupu, wala sikuhisi. Opal ndiye aliyenusa ngozi ikiungua. Alipiga kelele, mimi namtazama tu.

Nikamwambia, "Waambie watu tumegombana."

"Darlene, watanichukia mimi!"

"Afadhali hivyo. Wakijua naumwa hivi, wataanza kunisemesha kama mtoto."

Akakubali. Sikujua kwamba ofisi nayo ingemuuliza.

Dada yako,
Darlene

Toledo, 8 Mei

Dada yangu,

Mkono unaendeleaje? Pole sana. Nimeongea na Bi. Pruitt. Kesi yako hakutaka kuigusa, ila sheria alinieleza. Mgonjwa akijaribu kazi na ugonjwa ukamtoa kabla ya miezi sita kupita, kujaribu kule hakumharibii madai yake. Lakini akitoka kwa ugomvi, wanamhesabu kuwa anaweza kazi. Umejifunga mwenyewe, dada. Mruhusu Opal aseme ukweli. Nakusihi.

Mdogo wako,
Wendell

Hazard, 20 Septemba

Mpendwa Wendell,

Hamjambo wote? Mkono umepona, limebaki kovu.

Nilikwenda kwa Opal wiki ileile uliyoniandikia. Alipofungua mlango akasema, "Haya, umekuja tugombane kweli?" Nikamwomba aseme ukweli.

Mbele ya jaji alieleza yote: kiti, trei, harufu ile. Jaji akamuuliza, "Mbona uliiambia ofisi kuwa mligombana?"

"Aliniomba, mheshimiwa. Wateja wangu nusu wamenihama kwa ajili hiyo, nami nilinyamaza. Ni rafiki yangu."

Jaji akanigeukia. "Ni kweli, Bi. Stamper?"

Nikasema, "Ni kweli. Mikono yangu haiwezi tena." Sikuwahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu nisiyemjua.

Uamuzi umefika wiki iliyopita: nimepewa mafao. Lakini kuna deni ambalo jaji hakuweza kunilipia. Jumapili, baada ya ibada, niliomba kusimama. Nikawaambia watu wote kwamba Opal hakunikosea hata neno moja, na nikawaambia kilichonitoa bekari. Wamenionea huruma, kama nilivyoogopa. Mama mmoja alitaka hata kunifungia vifungo vya koti, nikamwambia, "Acha, hivyo bado naviweza."

Jumatatu, kabla ya mchana, mikate ya Opal ilikuwa imenunuliwa yote.

Dada yako,
Darlene