Nimekataa Kuamsha Bweni Zima

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usinibembeleze, maana kuomba radhi siombi. Mimi ni kibarua wa zege kwenye jengo la ghorofa, mbali na kwetu, nalala bweni la vibarua, vitanda vya juu na chini, na nina usingizi mwepesi, basi mwezi wa kwanza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hii, akaniomba niwe namwamsha alfajiri, nikasema sawa, kesho yake wa kitanda cha pili naye akataka, mara korido nzima, na sasa ni mwaka wa pili wananiandikia saa zao mlangoni kwa chaki, huyu kumi na nusu, yule kumi na moja kasorobo, na fundi wa kuchomelea anataka aamshwe mara mbili, ya kwanza ili afurahie kwamba bado ana muda wa kulala. Wote wana simu. Zinalia, wanazizima, wanageukia ukutani.

Sasa saa kumi na moja na robo ndiyo saa binti yangu wa miaka minane hunipigia kabla ya kwenda shule, na mimi huwa nimebana simu kwa bega huku natikisa miguu ya watu wazima, namjibu "ehe, ehe" bila hata kumsikia, na wiki iliyopita alianza kunieleza habari za rafiki yake, akakatisha, akasema, "Basi baba, nenda kaamshe watu wako." Akakata yeye. Siku ile nilibeba ndoo za zege mpaka jioni na sikumbuki nilizibebaje.

Kesho yake sikuamsha mtu. Nilivaa viatu nikaondoka. Geti la kazini hufungwa saa kumi na mbili kamili, na watu sita walibaki nje, shemeji akiwemo, siku yao ikapotea. Tangu hapo ni vita. Kila alfajiri wananigongea, nami nawajibu, tunabishana koridoni mpaka muda wa kazi. Shemeji anasema, "Nimekuleta mimi, leo umekuwa bosi?" Nikamwambia, "Shemeji, ulinitafutia kazi ya zege, ya ujogoo hukunitafutia." Amempigia dada yake, na mke wangu anataka niombe radhi yaishe. Siombi. Nifanyeje nisivunje undugu na muda wangu nisiwarudishie?

Kibarua wa Zege

JIBU

Kaka, umefanya vizuri kuacha, ila umeacha vibaya. Mtu mzima mwenye simu kando ya mto hana haki ya kukugeuza kengele yake. Lakini ni wewe uliyesema sawa, sawa, sawa kwa karibu miaka miwili, na usinidanganye, zipo siku ulijiona mtu mkubwa ulipokuta mlango umejaa chaki. Kisha ukanyamaza kimya, watu sita wakapoteza siku. Neno moja tu jana yake lingetosha. Hilo kosa ni dogo, lakini ni lako.

Leo jioni futa mlango huo, wakiwa wanakuona. Mwambie shemeji mbele ya wenzake, "Kutokukwambia mapema, nisamehe. Kukuamsha, basi." Usiongeze maelezo, ukieleza watakutafutia majibu. Mwelekeze aweke simu yake dirishani, ili akitaka kuizima asimame kwa miguu yake. Na mkeo mpigie wewe, umweleze mtoto alisema nini, maana naona habari alizonazo ni za kaka yake tu.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja, sijakiona. Kuamsha umeacha, haya, huo muda umeupeleka wapi? Unabishana! Muda uliowanyima kwa mkono wa kulia unawapa kwa wa kushoto, na binti yako bado anasikia kelele za wanaume.

Kesho wakigonga, usijibu, hata wakikutukana. Nenda kwenye ngazi za nyuma, keti, pokea simu yake, na usiikate wewe. Akichelewa shule siku moja kwa kuongea na baba yake, mwalimu nitamjibu mimi.