Ndoano ya Winchi Ninayo Mimi

Baba, shikamoo. Uji uko kwenye chupa, dawa ya mgongo iko chini ya sahani. Naomba boti isipandishwe kwenye trela kabla sijarudi.

Mkanda wa winchi, ile ya kuvutia boti kwenye trela, ulipokatika ulisema, "Mkanda ukikatika unafungwa fundo. Chuo kimekufundisha woga tu." Ulisema hayo mbele ya kaka Rabson. Lakini fundo hilohilo ndilo lililoachia leo asubuhi, mpini wa winchi ukazunguka ukapita karibu na uso wako. Nyie mlicheka.

Ule mkanda wa malori alioleta kaka kutoka mpakani msiufunge. Ni mpana mno, utajikunja kwenye winchi na kulika pembeni. Naenda mjini kutafuta mwembamba, mpya, wa kushonewa ndoano yetu.

Ndoano nimeichukua ~~ili nikapimie dukani~~ ili msiende kuvua Kamsamba bila mkanda. Samaki wa Ziwa Rukwa hawahami.

Nikirudi nigombeze, baba. Nataka tu nikukute mzima.

Binti yako mwoga