Gasketi Yako Haikuvuja

Noonkopir, Kitengela, Agosti

Fundi Wafula,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya ile stesheni wagoni yangu ya kijivu, mbele ya gereji yako. Boneti iko wazi, injini inanguruma, na mshale wa joto umesimama katikati kwa dakika arobaini sasa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Ulituacha Machi. Tangu hapo masika hayakunyesha. Ng'ombe wameletwa hadi kando ya barabara ya Namanga kutafuta majani, na wengine hawakusimama tena. Binti yako Nekesa amekuwa mrefu kuliko mama yake. Mutua, uliyefanya naye kazi tangu gereji ilipokuwa mabati manne na jiwe la kukalia, bado anafungua saa mbili asubuhi. Redio yako iko palepale, na bado haishiki stesheni mpaka mtu aipige kofi.

Lakini sikukaa hapa kukupa habari za mtaa. Nimefanya kosa juu yako. Kazi yangu ya gazeti imenifundisha kwamba kosa likichapishwa huandikiwa masahihisho, na aliyekosewa hutajwa kwa jina. Haya ndiyo masahihisho.

Unakumbuka Februari ulinifungia gasketi mpya ya injini. Ulifuta uso wa chuma kwa kitambaa mara tatu, ukaukagua kwa rula ya shule ya Nekesa, ukaniambia, "Mwandishi, hii sasa utauza gari kabla ifunguke." Wiki tano baadaye homa ya mapafu ilikuchukua kwa siku tano. Gari hilohilo lilifuata jeneza lako hadi Bungoma na kunirudisha Kitengela. Sikuongeza maji hata kikombe. Ushahidi huo nilikuwa nao mkononi, na niliusahau.

Juni maji ya kupoza injini yakaanza kupungua. Kila nikifungua rejeta asubuhi, nakuta yameshuka. Karibu na Isinya gari likachemka, likanisimamisha nusu saa juani. Nilipofika mjini nilimwonyesha fundi mwingine, aliye karibu na stendi. Hakushika hata spana.

"Gasketi imeenda. Nani alifunga?"

"Marehemu Wafula."

"Basi hapo ndio shida."

Jioni ile nilikuwa kwenye bucha tunapokula nyama. Wenzangu wakaniuliza mbona nimekuja kwa miguu. Nikasema, "Gasketi ya Wafula imenishinda." Nilisema nikitafuna. Sikuongeza neno. Wanaume saba walikuwa mezani, na wanne kati yao, Mzee Parsaloi akiwamo, walikuwa wateja wako.

Gari niliendelea kuliendesha kwa kuongeza maji kila siku. Wiki sita baadaye, Jumamosi, mama Nekesa alikuja kwangu na ubao uliopakwa rangi nyeupe. Aliuegemeza ukutani, akakaa, akakataa chai.

"Shemeji, wewe ndio unajua kuandika. Niandikie hapo: vifaa vya gereji vinauzwa. Mwisho wa mwezi narudi Bungoma."

Nikamwuliza kwa nini.

"Gari haziji. Watu wanasema Baba Nekesa alikuwa anafanya kazi mbovu. Mzee Parsaloi amepeleka pikapu yake kwingine. Wanasema hata gari ya Mwandishi ilimshinda."

Hakujua neno hilo lilitoka kinywani mwa nani. Mimi nilijua. Nilimwambia aniachie ubao hadi Ijumaa.

Kazi niliyojifunza kwa kukutazama miaka sita niliianza siku iliyofuata, gari likiwa baridi. Nilichomoa kijiti cha mafuta. Mafuta yalikuwa meusi, bila utando wa rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua rejeta, nikajaza, nikawasha injini, kisha nikasimama juu yake nikitazama. Hapakuwa na povu. Nikaenda nyuma kwenye ekzosi. Hapakuwa na moshi mweupe. Nikarudia yote mara ya pili, kama ninavyorudia kumpigia mtu simu kabla ya kuandika jina lake. Gasketi ikivuja huacha mojawapo ya dalili hizo; yako ilikuwa nzima.

Basi maji yalikuwa yanakwenda wapi? Nikatandaza magazeti chini ya injini, kama ulivyokuwa ukifanya huku ukinicheka: "Sasa gazeti yako imepata kazi ya maana." Asubuhi yalikuwa makavu. Tone moja la mafuta, basi.

Niliketi kwenye kiti cha abiria kufikiri. Soksi zikalowa.

Fundi, hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Kwa miezi miwili zulia la upande ule lilikuwa na maji, na kwa miezi miwili nililaumu mtungi. Unajua sisi wa Kitengela, hakuna anayekwenda popote bila mtungi wa maji, na wangu husimama miguuni pa kiti cha abiria. Kioo cha mbele nacho kilikuwa kikiingia ukungu kila asubuhi. Nililaumu baridi ya Julai.

Nikatoa mtungi. Nikakausha zulia kwa matambara, nikatandaza gazeti kavu, nikaendesha hadi Isinya na kurudi. Ukurasa wa michezo ulikuwa umelowa kuanzia juu, chini ya dashibodi, ukishuka kuelekea kitini. Ulipokauka uliacha unga mweupe.

Ilikuwa hita ya kupasha joto ndani ya gari. Ile hita ambayo hakuna mtu wa huku anayeiwasha, lakini maji ya injini hupita ndani yake kila siku. Mutua aliing'oa Jumanne. Ilikuwa na tundu la kupitisha sindano, na ndani ilikuwa na magamba meupe kama birika la chai la zamani. Akaigongesha kwenye jiwe, akaniangalia.

"Ulikuwa unaweka maji gani humu?"

Maji ya kisima cha pampu, kupita Bisil. Kiangazi chote nimekuwa huko nikihesabu mizoga kwa ajili ya gazeti, na kila nilipopita nilijaza rejeta kutoka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, kwa sababu lilikuwa karibu na kwa sababu hukuwepo wa kunigombeza. Mutua alisema bati la hita lilikuwa jembamba tayari. Chumvi ya maji hayo imemaliza tu.

Uliniambia. Kwenye kona ya gereji uliweka lile pipa la bluu la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, ukakataza mtu kunawia. "Maji ya huku ni ya ng'ombe," ulisema. "Gari inakunywa ya mvua." Nilipobisha kwamba mimi nimezaliwa Kajiado na nimekua kwa maji hayohayo, ulinijibu, "Ndio. Jiangalie meno kwa kioo, halafu ufikirie rejeta." Gereji nzima ilicheka, na mimi nikafunga mdomo kuyaficha meno yangu ya kahawia.

Jumanne hiyohiyo jioni nilirudi bucha. Walikuwepo watano. Mzee Parsaloi alinisalimia kwa Kimaasai, "Sopa," nikamwitikia, kisha nikasema nikiwa nimesimama, kabla ya kuagiza chochote. Nilisema gasketi ya Wafula ni nzima. Nilisema hita imetobolewa na maji ya kisima niliyoyaweka mimi, baada ya Wafula kunikataza. Hita nilikuwa nimeibeba. Nikaiweka mezani.

Mzee Parsaloi aliigeuzageuza. "Kumbe ni wewe. Na siku ile ulikuwa unaongea ukitafuna."

Nilimwambia ndiyo.

Kwa mama Nekesa nilikwenda kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, hayo ungeuliza hapa kwetu kabla ya kuambia nyama." Hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza. Baadaye akauliza ubao uko wapi.

Leo ni Ijumaa. Pikapu ya Mzee Parsaloi iko hapa, imeinuliwa kwa jeki, na miguu ya Mutua inaonekana chini yake. Gari la pili liliingia saa nne. Wawili wa wale wateja wanne wa bucha hawajarudi, na sijui kama watarudi. Mama Nekesa amesema atangoja hadi Desemba. Ubao nimeuandika, nikaupigilia juu ya mlango: GEREJI YA WAFULA. TUKO WAZI.

Hita hatukuirudisha. Mutua ameunganisha mipira miwili iliyokuwa ikipeleka maji kwenye hita kwa kipande cha bomba, akaosha injini kwa ndani, kisha akasimama na ndoo tupu, kwa sababu maji ya mvua hakuna. Mama Nekesa akalikumbuka pipa la bluu. Chini kabisa yalikuwa yamebaki kama lita kumi, ya mvua ya Novemba, uliyoyakinga wewe. Aliyachota mwenyewe kwa kikombe, akayachuja kwa leso, akayamimina.

Ndiyo yanayozunguka sasa. Mshale haujasogea.

Pumzika, Fundi. Mvua ikirudi nitalisafisha pipa na kuliweka chini ya mfereji kwa mikono yangu. Na gari likinisumbua tena, nitaangalia kwanza, ndipo niseme.

Mwandishi