Siku Mnara Ulipopoteza Sauti

Eastleigh, Nairobi
Desemba 1997

Kwa dada yangu mpenzi Weris,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Hulugho, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mafuriko yamewaachia angalau mbuzi wa maziwa. Mimi sijambo, alhamdulillahi, na ukisikia mtu akisema Kinsi ameota mabawa, usimkanushe. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Barua za Kisomali Hooyo humpa kila mgeni amsomee, na hii ina jambo ambalo mama yetu hapaswi kulisikia.

Unajua Aabo alivyoapa kwamba hatapanda ndege inayorushwa na binti yake. Miaka yote niliyosomea urubani, akiulizwa habari zangu alijibu kwamba niko Nairobi, basi, kana kwamba nauza miraa. Sasa alipotolewa mtoto wa jicho hospitalini huku, barabara zilikuwa zimekatika na malori yamezama matopeni. Ndege ya abiria ya kwenda kwetu ilikuwa moja tu, na rubani msaidizi alikuwa mimi. Aabo alipanda bila kunitazama, akakaa kiti cha mbele, tasbihi mkononi. Niliogopa, abaayo, dada yangu. Mbali na roho za watu, nilijua nikiteleza siku ile baba yangu sitampata tena.

Tulivuka Tana iliyovimba, tukapita Dadaab, kisha mawingu yakafunga kila kitu. Unaukumbuka ule mnara wa redio nyuma ya nyumba yetu, karibu na uwanja wa ndege? Kazi yake ni kuita ndege. Hutoa mawimbi, na mshale ulio mbele yetu marubani huelekea mnara uliko. Tena hutaja jina lake masikioni mwetu kwa milio mifupi na mirefu. Asiyeona ardhi hushuka kwa kuufuata mshale huo.

Kapteni Golicha, Mborana wa Wajir, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa ameniachia usukani. Tukaanza kushuka. Mshale ulitulia vizuri ukielekea mashariki, naye akaniambia niufuate. Nikaufuata. Lakini masikioni nilisikia mikwaruzo tu, jina la mnara halikuwepo. Radi ikamulika mashariki, na mshale ukaivamia kama mbuzi aliyeona chumvi. Mnara ulikuwa umenyamaza, nasi tulikuwa tunaongozwa na dhoruba.

Nilimweleza Kapteni kwamba silisikii jina. Akasema tungoje kidogo, huenda likarudi. Wewe unajua tulivyolelewa, kumpinga mkubwa si mchezo. Lakini ardhi ilikuwa chini yetu mahali fulani, na Aabo nyuma yangu.

"Kapteni," nikasema, "asiyetaja jina lake simfuati. Napanda."

Nikaongeza nguvu za injini, nikainua pua ya ndege. Tulipotoka juu ya mawingu, akasema nimefanya sawasawa.

Tukazunguka huko juu, tukiwa na mafuta ya kusubiri kidogo na hata kurudi Garissa. Kapteni alimwomba mtu wa redio uwanjani atume mlinzi akautazame mnara. Mlinzi ni binamu yetu Billow. Haikuchukua muda, jina likalia masikioni, safi kabisa, na mshale ukageuka ukaiacha radi. Mtu wa redio alisema tatizo limeondolewa. Tulipomuuliza ni tatizo gani, akakohoa tu. Kapteni akaniambia nishushe mwenyewe.

Wallahi Weris, tulipotoboa wingu la mwisho, uwanja ulikuwa mbele yangu kabisa, umelowa, mbuzi wakikimbilia kando. Nilitua polepole hata mama mmoja akauliza kama bado tuko hewani. Kapteni aliwaeleza abiria yaliyotokea. Aabo alishuka ngazi. Alipofika chini kwa wazee waliokuja kumpokea, akanigeukia, akaniwekea mkono kichwani.

"Huyu," akawaambia, "ni rubani wangu."

Nililia mbele ya abiria wote, na sijutii.

Sasa siri yenyewe. Billow aliniita kando, uso umemwiva kwa aibu. Hooyo, kwa furaha kwamba mume na binti wanarudi pamoja, alichinja dume la ngamia atutengenezee nyirinyiri, zile nyama za kukausha na kukaanga. Uani ni matope, na pale mnarani kuna upepo mzuri, paka hawafiki. Billow angemkatalia vipi shangazi yake? Basi akapitisha waya kutoka kwenye uzio hadi kwenye nguzo ya mnara, akaanika nyama yote juu yake. Dhoruba ikaurusha ule waya na mzigo wake juu ya waya wa mnara unaotoa mawimbi, na mnara ukazibwa mdomo kwa karamu yetu wenyewe, mpaka Billow alipokwenda kuiondoa.

Hooyo hajui mpaka leo. Aabo anajua, Billow alishindwa kumficha. Usiku, nyirinyiri zilipoletwa zimekaangwa kwa samli na hiliki, nilidhani atafoka. Akalivuta bakuli, akala mpaka akalifuta kwa kidole, akamshukuru Hooyo. Kisha akatuinamia mimi na Billow.

"Ushahidi umekwisha," akasema.

Wasalimie wote, wabusu watoto. Nawe ukienda nyumbani ukapakuliwa nyirinyiri, kula, usiulize zilianikwa wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Kinsi, rubani wa Aabo