Mguu wa Baba na Gari Ulilotutumia

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya huko? Wifi yangu je, na wale mapacha wanaoniita shangazi kwenye simu bila kuniona? Kikohozi kimekwisha? Huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima isipokuwa kiwiko. Habari ya kiwiko inakuja, usiruke mistari.

Kwanza gari. Limefika salama, na usije ukadhani hatukushukuru. Baba alilizunguka mikono nyuma kama mkaguzi, akapiga teke tairi moja moja, kisha akaingia na kufunga mlango polepole, ule mlango wenye mlio wa kabati la tajiri. Unamjua, maisha yake yote ameendesha malori, na pedali ya mafuta ya lori ni kazi ya kusukuma ukuta. Hili akaligusa tu, likaondoka. Alirudi anacheka machozi. "Mwanangu, hili gari linaanza kwenda ukiwa bado unafikiria!" Madereva wenzake, waliompa jina la Mzee Taratibu kwa kuwa hakuwahi kumpita mtu, walikuja kumtania kwamba uzeeni amegeuka mwanariadha.

Kicheko kilikatika kwenye taa za barabarani. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Tulikuwa tumesimama, taa bado nyekundu, akataka kusogea kidogo tu. Gari likaruka. Alikanyaga breki tukiwa tumeshagusa gurudumu la pikipiki iliyokuwa mbele. Mwenye pikipiki aligeuka, akasema, "Mzee, kama unataka lifti si useme?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliendesha mwendo wa jongoo mpaka nyumbani.

Tukamwita fundi. Alitueleza vizuri. Magari ya zamani yalikuwa na waya kutoka kwenye pedali hadi kwenye injini, kwa hiyo mguu ulisikia uzito wake. Hili halina waya. Pedali inapeleka taarifa tu kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe nguvu kiasi gani. Tena lilikuwa limewekwa kwenye spoti, yaani mwendo wa kasi, ambapo ukiomba kidogo unapewa kingi. Akabonyeza kitufe, akaliweka kwenye mwendo wa upole, akazunguka nalo mtaa mzima. "Gari halina kosa," alisema. "Sasa limekuwa kondoo." Moyo wangu ukatulia.

Ulitulia mpaka asubuhi ya Jumatano ya wiki mbili zilizopita.

Nilikuwa kwenye cherehani, dirishani. Mama alikwenda kumfungulia Baba geti. Bawa moja alikuwa ameshalisukuma, la pili alikuwa bado anahangaika na komeo. Ghafla nikasikia injini inanguruma, si mngurumo wa kutoka, mngurumo wa kukimbia. Niliinuka nimwite Mama, nikachelewa. Likasikika bati tu, halafu vumbi, na Mama sikumwona.

Kaka, nilikimbia sijui kwa miguu ya nani. Nilimkuta amelala ubavu kwenye vyungu vya maua, kiatu kimoja hakipo, kiwiko kinavuja damu. Akanikazia macho. "Mwangalie baba yako kwanza."

Gari lilikuwa limegota ukuta wa jirani, na injini bado inapiga kelele. Baba alikuwa anarudia neno moja: "Nimekanyaga breki. Nimekanyaga breki." Nikachungulia chini. Mguu wake ulikuwa kwenye mafuta, umezama mpaka mwisho.

"Baba, toa mguu."

"Uko kwenye breki."

"Baba, angalia."

Akaangalia. Sijawahi kuona sura ile kwa mtu mzima. Ilibidi mimi nipenyeze mkono nizime.

Ndani nilimvua viatu nimpe maji ya kunawa. Soksi ya kulia ilikuwa imegandamana na unyayo. Nilipoibandua nikaona kichwa cha pini, pini yangu ya kushonea, imezama yote, na nyama imeanza kuwa nyeusi pembeni. Si ya siku ile. Nikamuuliza, "Haikuumi?" Akaniuliza, "Nini?"

Hospitalini daktari alimwambia afumbe macho, kila akiguswa aseme. Akampitishia uzi mgumu kwenye vidole vyote, kisha unyayo mzima. Baba alikaa wima, amefumba macho, ananyamaza kama mwanafunzi mwenye adabu. Mwisho akauliza, "Daktari, tuanze?" Daktari akanitazama mimi.

Ni sukari. Imekuwemo miaka, haikupiga hodi. Ganzi aliiona, akadhani ni uzee na malori. Wanasema hisia huenda zisirudi. Wanasema pia kidonda kikizembewa kitachukua kidole, kisha mguu. Ameanza dawa, na jana muuguzi alisema kinaanza kukauka. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya kushona naushika mguu ule niugeuze, na kabla ya kuugeuza huwa nafumba macho kidogo.

Funguo alinipa mwenyewe, bila kuombwa. Sasa ananifundisha kwenye uwanja wa shule, yeye kiti cha pembeni. "Usilikanyage," ananiambia, "liguse kama unamwamsha mgonjwa." Ninaogopa, lakini kliniki ni mbali.

Alinikataza nisikuandikie. Anaona haya, na anahofu utadhani zawadi yako ndiyo iliyotuumiza. Mpigie simu umwondolee mzigo huo. Bila gari lile tungeendelea kumwona anatembea, tukasema ni mzima.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita uliniambia miguu yako inakufa ganzi, ukasema ni baridi ya huko. Nikakutania ununue soksi za sufu. Sasa nakuomba: ukimaliza kusoma hapa, keti, vua soksi, mwite wifi akuguse vidole huku umefumba macho. Usimdanganye, wala usijidanganye. Kesho nenda ukapime. Na mpaka upime, usishike usukani na watoto wale ndani.

Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa hajui kama nimekuandikia. Wabusu mapacha. Mungu akulinde kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, hasa kwenye nyayo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuhofia,

Kitinda mimba wenu